Nyumba za Mji Mkongwe: Paa kwanza, rangi baadaye

MNUNUZI anapoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, macho yake huvutwa na lipu iliyobanduka na rangi iliyofubaa. Huko ndiko fedha zake nyingi huelekea, na huko ndiko hasara yake huanzia.

Tangu mji huo uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba nyingi za familia zimegeuzwa kuwa hoteli, nyumba za wageni na maduka. Kwa mwekezaji, swali kubwa si kiasi gani atumie, bali atengeneze nini kwanza na kwa kutumia nini.

Jibu linatokana na namna nyumba hizo zilivyojengwa. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, wala hazina nguzo za zege. Sakafu na paa za asili hubebwa na boriti za mikoko, ambazo ncha zake zimezamishwa ukutani. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vingi ni vyembamba, vya upana wa takriban mita tatu.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini kama utambi wa kandili unavyofyonza mafuta. Lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo, huyaruhusu maji hayo kutoka nje na kukauka kwa upepo. Kwa njia hiyo nyumba hupumua, na imeweza kusimama kwa zaidi ya karne moja.

Saruji huvuruga mpango huo. Ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na hupitisha unyevu kwa shida. Maji yaliyozuiwa chini hupanda juu zaidi, yakichukua chumvi. Chumvi hiyo inapoganda ndani ya jiwe hulimung'unya taratibu, nazo ncha za boriti huanza kuoza mahali pasipoonekana. Baada ya misimu michache lipu hubanduka, mara nyingi pamoja na kipande cha ukuta.

Hatari nyingine ni uzito. Mita moja ya ujazo ya zege lililotiwa nondo ina uzito wa takriban tani 2.4. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya chumba cha mita tatu kwa sita huongeza zaidi ya tani nne juu ya kuta ambazo hazikujengwa kwa mzigo huo. Tangi la maji la lita 1,000 lililowekwa darini huongeza tani nyingine likijaa.

Kwa hiyo, utaratibu wa busara huanza juu na kushuka. Kwanza ni paa, mifereji yake na mabomba ya vyoo vipya, kwani humo ndimo maji mengi hupenyea. Pili ni boriti na nyufa. Tatu ni lipu. Rangi, taa na samani huja mwisho.

Si kila ufa ni wa kutisha. Njia rahisi ya kuupima ni kuziba sehemu ndogo kwa lipu nyembamba na kuandika tarehe juu yake. Lipu hiyo ikipasuka baada ya miezi kadhaa, ukuta bado unatembea na anahitajika mhandisi, si mpaka rangi.

Hesabu nayo husaidia kuamua. Kwa mfano, mmiliki akitumia Sh milioni 4 kwa lipu ya saruji na rangi, na akalazimika kurudia kazi hiyo kila baada ya miaka miwili, katika miaka 10 atakuwa ametumia Sh milioni 20. Akitumia Sh milioni 12 mara moja kwa paa, mabomba na lipu ya chokaa, kisha Sh 500,000 kwa kila mwaka unaofuata, jumla yake ni Sh milioni 16.5.

Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini katika njia ya kwanza, mwishoni mwa miaka 10 ukuta umedhoofika na nyumba imepoteza thamani. Katika njia ya pili, nyumba bado ni mali.

Ugumu huja pale anayetengeneza si mwenye nyumba. Mpangaji mwenye mkataba wa miaka mitano ana sababu ya kuchagua mapambo na kuacha paa. Ni vema mkataba ueleze wazi nani anabeba gharama za paa, kuta na mabomba, na ni vifaa gani visitumike.

Chokaa pia inadai subira. Hulowekwa kwa wiki kadhaa au zaidi, hupigwa kwa tabaka nyembamba, na hukauka polepole. Kazi hiyo haifai wakati wa masika, ingawa masika ndiyo majira bora ya kuikagua nyumba kabla ya kuinunua, kwa kuwa mvua haifichi mahali panapovuja.

Kabla ya fundi kugusa ukuta, kibali cha mamlaka inayosimamia uhifadhi wa mji huo ni cha lazima. Kukiomba mapema ni nafuu kuliko kuamriwa kubomoa.

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Tukio hilo liliwakumbusha wamiliki kwamba jengo kongwe likisubirishwa mno, hata kulitengeneza huwa hatari.