Maji ya Mau yalipimwa zamani

Kiangazi kikikaza na mto Kipsonoi ukashuka hadi mawe yakaonekana, hoja ile ile huzuka kwenye kituo chetu cha kununulia chai. Mmoja husema maji yamekwenda kwa sababu msitu umekatwa. Mwingine humjibu kwamba chai nayo ni mti, inashika udongo na kufunika ardhi, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mimi ni mkulima wa chai huku Konoin, kaunti ya Bomet, na kabla ya kustaafu nilifundisha jiografia katika shule ya msingi. Hoja hiyo niliisikia mpaka nikaamua kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kuipima. Nikakuta ilipimwa hapa hapa kwetu, kabla hata ya uhuru.

Miaka ya 1950 ikielekea mwisho, mashamba makubwa ya Kericho yalikuwa yakipanuka kuingia msituni. Swali likawa zito: miti ikiondolewa na chai ikachukua mahali pake, watu wa bondeni watabaki na mto? Watafiti wa shirika la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lililokuwa na makao yake Muguga, wakiongozwa na Charles Pereira, walichagua mabonde mawili jirani kwenye ukingo wa msitu wa Mau. Moja ni Sambret, lenye kilomita za mraba kama 7. La pili ni Lagan, lenye zaidi kidogo ya 5. Yote mawili yalikuwa msitu na mianzi. Wakajenga vizuizi mtoni ili maji yote yapite mahali pa kupimwa, wakatega vipimo vya mvua, kisha Lagan wakaliacha jinsi lilivyo. Katika Sambret, kama nusu ya bonde ilifyekwa ikapandwa chai.

Uzuri wa kazi ile uko katika lile bonde lisiloguswa. Mvua ikinyesha sana huyajaza mabonde yote mawili, na ukame ukija huyabana yote mawili. Tofauti inayojitokeza kati yao ndiyo inayoonyesha shoka na chai vimefanya nini. Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliielewa hoja hiyo kwa dakika chache, ilhali nimewahi kuwasikia viongozi wakubwa wakibishana kuhusu Mau kana kwamba haijawahi kufikiriwa na mtu.

Ripoti ya kwanza ya kina ilitoka mwaka 1962, na vipimo vikaendelea kwa miaka mingi baadaye. Ardhi ilipokuwa wazi na miche bado midogo, mvua kubwa ilikimbilia mtoni kwa kasi kuliko zamani. Chai ilipokua na kufunika ardhi, mto ulitulia, na maji ya mwaka mzima hayakupungua kama ilivyohofiwa. Kwa ufupi, shamba la chai lililotunzwa vizuri halikuukausha mto.

Nimeyataja matokeo hayo yote kwa sababu ni ya kweli na hayafai kufichwa. Lakini yamebebwa vibaya. Anayetaka kipande cha msitu huyatumia kama cheti cha ruhusa. Hasemi kwamba lile lilikuwa shamba la kampuni yenye fedha na mainjinia, lenye mifereji ya kuzuia mmomonyoko iliyochorwa kabla jembe halijagusa udongo. Hasemi kwamba sehemu ya juu ya bonde ilibaki na mianzi yake. Tena pale Sambret yalipimwa maji. Hakuna aliyeuliza bongo wa msituni ataishi wapi.

Mambo yaliyokuja baadaye hayakufanana na Sambret. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya umma nchini kwa tangazo la gazeti rasmi, na karibu hekta 22,800 kati ya hizo zilitoka Mau ya Kusini Magharibi, msitu unaopakana nasi. Palipokuwa na miti pakawa na mahindi, viazi, ng'ombe, njia za miguu, barabara za udongo na mistari michache ya chai kila boma. Majibu ya Sambret hayakuweza kuwasemea wakulima wapya waliohamia huko wala udongo wao.

Kwa hiyo mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen cha Ujerumani na wa CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, walirudi kupima katika mabonde yanayoulisha mto Sondu. Safari hii mabonde yalikuwa matatu: moja la msitu wa asili, moja la mashamba makubwa ya chai na miti ya kupandwa, na moja la wakulima wadogo. Mashine zilisoma kina na uchafu wa maji kila baada ya dakika 10, usiku na mchana, hata usiku wa mvua ya mawe ambapo hakuna binadamu anayesimama mtoni.

Matokeo yake yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa kila kilomita ya mraba, bonde la wakulima wadogo lilimwaga udongo mtoni hadi mara 6 ya bonde la msitu. Kiwango cha mashamba makubwa ya chai kilikuwa karibu zaidi na cha msitu. Navyo vijito vya mashamba hayo makubwa vilikuwa na naitreti nyingi kuliko vya msituni, jambo ambalo halimshangazi mtu anayejua magunia mangapi ya mbolea humwagwa chini ya chai kila mwaka. Niliposoma habari ya udongo sikufurahi. Tumezoea kuzinyooshea kampuni kidole, na kampuni zina yao ya kujibu, lakini tope jekundu linaloteremka Aprili linatoka kwenye njia zetu za kuteremshia ng'ombe maji, kwenye mitaro ya barabara zetu, na kwenye viazi vilivyolimwa hadi ukingoni mwa kijito. Hili linaweza kurekebishwa, tena na sisi wenyewe.

Utafiti huo wa Sondu ulikuwa na sehemu nyingine niliyoipenda zaidi ya mashine. Katika bonde la Sondu walisimamisha nguzo 13 za kupimia kina cha maji, kila moja na kibao cha maelezo kwa wapita njia. Ukipita, unasoma namba pale maji yalipogusa, unaituma kwa ujumbe wa simu, na jibu linarudi hapo hapo. Mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika. Zaidi ya nusu yao walituma mara moja tu. Waliotuma zaidi ya mara 10 walikuwa 13. Idadi hiyo ndogo isidharauliwe. Watu 13 wenye simu za kawaida waliipa nchi kumbukumbu ya mito ambayo haikuwa na mtu wa kuiangalia.

Bibi mmoja jirani yangu, kogo kama tunavyowaita huku, aliwahi kunikuta nikisoma namba mtoni.

"Mwalimu, hayo maji unayaandika ya nini? Yatauzwa?"

"Hapana, kogo. Tunataka yakipungua tujue yamepungua kiasi gani."

"Sisi tulijua kwa miguu. Hapa nilipokuwa msichana yalikuwa yananifika pajani, na nilikuwa mrefu."

Ushuhuda wake nauheshimu. Shida ni kwamba mipaka ya msitu inapoamuliwa Nairobi, paja la kogo halimo kwenye faili.

Wanyama wana hesabu zao. Ndovu wa Mau haonekani kwa urahisi ndani ya miti, kwa hiyo huhesabiwa kwa kinyesi. Askari na watafiti hutembea kwenye mistari iliyonyooka wakihesabu marundo. Wakijua ndovu mmoja hunya mara ngapi kwa siku na rundo huchukua siku ngapi kuoza, wanapata makadirio ya idadi ya ndovu. Bongo ni mgumu zaidi. Ni swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni, na wale wa milimani wanaoishi porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100 duniani kote, wote wakiwa Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Eburu na Mau. Tangu 2004 mradi wa kuwafuatilia bongo umewatumia watu wa kando ya misitu kufuata nyayo na kufunga kwenye miti kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Mistari ya bongo haifanani kati ya mmoja na mwingine, kwa hiyo picha zikilinganishwa mnyama mmoja hahesabiwi mara mbili.

Hapo ndipo hoja ya kwamba chai nayo ni mti inapokwama kabisa. Ndovu hali majani ya chai. Bongo hajifichi kwenye kichaka kinachomfika binadamu kiunoni. Ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa 1986 kuzunguka misitu, umesaidia kuonyesha mpaka uko wapi, na kwa hilo naushukuru, lakini ni uzio wa nyumba, na wanyama wanaishi ndani ya nyumba. Na nyumba hii ina wategemezi wa mbali. Mto Nyangores unaopita mjini Bomet hukutana na Amala na kuwa Mara, na maji hayo ndiyo nyumbu na viboko huyategemea mwezi mkavu, Kenya na Tanzania. Anayeulinda msitu wa Mau analinda na Maasai Mara.

Sheria ya misitu ya 2016 inasema jambo moja kubwa: mpaka wa msitu wa umma hauhamishwi kwa tangazo tu. Lazima ombi lipelekwe Bungeni, na athari kwa mazingira zichunguzwe. Maana yake ni kwamba takwimu za Sondu, picha za bongo na hesabu za ndovu zinaweza kuwekwa mezani na raia yeyote. Ndiyo sababu nataka matokeo haya yasomwe kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis kwenye vituo vya chai na mikutano ya vyama vya misitu vya jamii, yasibaki kwenye majarida ambayo hata mwalimu huyapata kwa taabu.

Limebaki jambo la fedha. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30. Kwenye ukingo wetu kuna bulugamu alizopanda baba mkwe wakati kuni za kiwanda zilikuwa na bei, na juu yake mistari ya chai inayolipa karo ya wajukuu. Nimeanza kuzing'oa bulugamu na kupanda mianzi, na hilo naliweza. Kung'oa chai ni jambo jingine. Huko chini kituo cha umeme cha Sondu Miriu, chenye megawati 60, kimekuwa kikizungushwa na mto Sondu, ambako maji yetu huishia, tangu 2008, na tope letu ni gharama kwake. Anayefaidika na maji safi amlipe sehemu ya hasara anayeacha ukingo. Wahusika wa umeme, kaunti zinazohusika na wakulima wakae pamoja wapange kiwango, kwa kutumia vipimo ambavyo tayari vipo.