Mweso: kwa nini bei ya moto haitulii?
Toka Mweso mpaka Kitshanga njia ni ileile, lakini bei ya moto inapanda. Kwanza ni esansi. Inashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, inakuja Goma kwa malori, halafu inapita Sake ndani ya bidoni mpaka kwa wakadafi wa Mweso. Kila mkono unaongeza kitu, barieri nazo. Wachuuzi wanahesabu kwa dola, abiria analipa faranga. Mvua ikinyesha, moteri inakula esansi bure kwenye matope.

Tangu benki za Goma zifungwe mwezi wa kwanza 2025, pesa imepungua mikononi. Motari hawezi kupunguza, abiria hawezi kuongeza. Mama mjamzito wa Kashuga akikosa nauli, anafikishwa hospitali ya Mweso kwa kipoyi.