Mtoto wa Mchungaji Naye Asome

Wasomaji wengi wamekwisha kuona picha za Wamasai: watu warefu, waliojifunga shuka nyekundu, na mkuki mkononi. Lakini picha haisemi yote. Haisemi kwamba watu hawa, wakaao kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, wamepunguziwa nchi yao kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Wala haisemi kwamba siku hizi wazazi wengi wao wanatafuta dawa ya shida hiyo shuleni.

Karatasi wasiyoweza kuisoma

Mwaka 1904, na tena mwaka 1911, Waingereza waliandikiana mapatano na wakubwa wa Wamasai wa Kenya. Kwa mapatano hayo Wamasai waliondolewa katika malisho mema ya Bonde la Ufa, halafu na ya Laikipia, ili masetla wa Kizungu wapate mashamba. Maneno yaliandikwa kwa Kiingereza. Wenye ng'ombe hawakuweza kuyasoma. Walipopeleka shauri lao kortini, lilikataliwa mwaka 1913.

Huko Tanganyika, Serengeti ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai waliokaa humo walihamishwa. Wengi walikwenda Ngorongoro, mahali palipotengwa mwaka uleule ili watu, ng'ombe na wanyama wa pori wakae pamoja. Lakini mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilianza kuwahamishia watu wa Ngorongoro Msomera, katika wilaya ya Handeni. Mwaka huohuo, huko Loliondo, mipaka mipya ilitenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya wanyama, na damu ilimwagika.

Basi, ni nani atakayewasemea wachungaji mbele ya hakimu na mbele ya wabunge? Mgeni mwema aweza kusaidia kwa siku chache. Lakini asemaye vema shida ya nyumba ni mwana wa nyumba, akiijua sheria na kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Simba na ng'ombe

Tena, wanyama wa pori hawajui mipaka. Wengi wa wanyama wa Kenya huishi nje ya mbuga za serikali, katika malisho ya watu. Simba akila ng'ombe, mwenye ng'ombe hushika mkuki. Mchungaji akiona kwamba tembo na simba huleta fedha kwa wengine na hasara kwake tu, atawapendaje?

Karibu na Amboseli, nchini Kenya, tangu mwaka 2007 kuna kazi iitwayo Lion Guardians, maana yake walinzi wa simba. Vijana wa kimorani, ambao zamani wangalitafuta sifa kwa kuua simba, hulipwa mshahara ili wamlinde. Hufuata nyayo, huwaonya wachungaji mahali simba alipo, hutafuta mifugo iliyopotea, na kusaidia kuimarisha maboma. Wengi wao hawakupata kuingia shule. Hivyo hufundishwa kusoma na kuandika, wapate kuleta habari za kazi yao. Tazameni: ujuzi wa pori wameurithi kwa baba zao, na kalamu imeuongezea nguvu.

Na binti je?

Kenya iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilikuwa imekwisha kufanya hivyo. Lakini ada si mzigo pekee. Shule ni mbali, na njiani mna nyati na tembo. Sare, daftari na chakula hutaka fedha. Mtoto wa Tanzania aliyezaliwa katika lugha ya Kimaa hufundishwa kwa Kiswahili, na akifika sekondari hukutana na Kiingereza. Kwa binti kuna na mahari: huenda akaozwa kabla hajamaliza masomo.

Kwa sababu hiyo Sista Mary Vertucci, wa shirika la Maryknoll, alianzisha kituo cha Emusoi mjini Arusha mwaka 1999. Mabinti wa wafugaji hutayarishwa hapo kwa masomo ya sekondari, kisha hutafutiwa wafadhili.

Nchini Kenya, Kakenya Ntaiya alipopata nafasi ya kusoma Marekani, watu wa kijiji chake cha Enoosaen walimchangia nauli. Aliahidi kurudi na kuwasaidia. Alitimiza neno lake: mwaka 2009 alifungua shule ya wasichana.

Kusaidia kwa akili

Wazee wengine huogopa kwamba shule itamfundisha mtoto kudharau ng'ombe na wazee. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtoto akirudi nyumbani na kiburi tu, ukoo umepata hasara mara mbili: umepoteza mchungaji, na haukupata msomi. Kwa hiyo amlipiaye mtoto masomo asimtenge na watu wake. Wazazi nao watoe sehemu yao, hata kama ni mbuzi mmoja, maana kitu ulichokilipia hukitupi. Edward Sokoine, Mmasai aliyezaliwa Monduli mwaka 1938, alisoma hata akawa Waziri Mkuu wa Tanzania, wala hakuacha kuwa Mmasai. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alihesabu elimu ya msingi kuwa shabaha ya kwanza ya maendeleo.

Na sisi wa Kongo

Mambo haya si mageni kwetu. Mbuga yetu ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, na wakaao kando yake wanajua ugomvi wa shamba na pori. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kazi ya kuilinda. Mipaka na bunduki peke yake havikuleta amani. Kunatakiwa watu wa hapohapo wenye elimu, wanaoipenda nchi yao na viumbe vya Mungu vilivyomo.

Wazazi Wakristo, katika kila parokia yuko mtoto mwerevu aliyekaa nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Familia kumi zikiungana, mzigo wake utakuwa mwepesi. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi wanafunzi mliolipiwa na wengine, jiulizeni tangu leo: nitawarudishia nini watu wangu?