Muzungu wa sketi: namna mashua mbili zilipanda milima ya Katanga mpaka ziwa Tanganyika

Watu wa Kalemie, Moba, Fizi na Uvira wanajua ziwa Tanganyika kwa ndagala, kwa upepo mukali na kwa mashua zenye kupakia kupita kipimo. Wengi hawajui kama wakati wa vita ya kwanza ya dunia ziwa hili lilipiganiwa na mashua mbili ndogo zilizotoka Uingereza. Zilikuja kwa treni, kisha zikakokotwa juu ya milima, chini ya amri ya muzungu moja mwenye kuvaa sketi. Inafanana na hadithi ya kuchekesha watoto, lakini ni mambo ya kweli, na sehemu kubwa ilipita hapa kwetu.

Kwa nini walipigania ziwa

Vita ilipoanza mwaka 1914, ngambo ya mashariki, ambako leo ni Tanzania, ilikuwa chini ya Wajermani. Ngambo yetu ilikuwa ya Wabeleji. Mwezi wa agosti Wajermani walikuja kupiga Alexandre Delcommune, meli ya Wabeleji, ikaharibika. Toka siku ile, meli zao Hedwig von Wissmann na Kingani zilitembea namna zinavyotaka. Na mwenye ziwa ndiye mwenye njia: anavusha askari usiku, anapiga kijiji, asubuhi amekwisha kurudi kwake.

Tena kule Kigoma, Wajermani walikuwa wanaunga meli kubwa zaidi, Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku karibu 5,000. Ilishushwa majini mwezi wa februari 1915.

Muwindaji moja, John Lee, aliyejua Afrika vizuri, alienda London na shauri hili: musilete meli kubwa, leteni mashua ndogo zenye mbio. Zipite kusini, kwa treni ya kutoka Cape Town mpaka Katanga, kisha zivutwe kwa njia ya inchi kavu. Wajermani hawatawaza kama mutu anaweza kufanya wazimu wa namna ile. Wakubwa wa jeshi la majini walikubali.

Komanda ambaye hakuna aliyemutaka

Kazi ilipewa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, na alikuwa na sifa mbaya ndani ya jeshi. Siku moja meli yake iligonga mashua na kuizamisha. Mwaka 1914, meli nyingine iliyokuwa chini yake ilizamishwa na Wajermani saa yeye mwenyewe alikuwa inchi kavu, hotelini. Alipenda kujisifu mbele ya watu, na mwili wake ulijaa machora ya chanjo. Kwa sababu ya joto, alivaa sketi ya kaki iliyoshonwa na bibi yake.

Aliomba mashua ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa walikataa. Akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, nao wakakubali bila kufahamu. Musomaji anayejua Kifaransa cha watoto ameshacheka: ni paka na mbwa tena! Na kwa sisi wenye kusema Kiswahili, kuna kichekesho cha pili, sababu mashua ya kwanza ilikuwa inajiita «mimi».

Kutoka Fungurume mpaka Lukuga

Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12, ya mbao, na muzinga mudogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Waliondoka Uingereza mwezi wa juni 1915. Mwanzoni mwa agosti treni iliwafikisha Fungurume, pale reli iliishia. Lee mwenyewe, mwenye kuleta shauri, alifukuzwa na Spicer-Simson.

Sasa hapo ndipo kazi ilikuwa. Mpaka Sankisia kulikuwa zaidi ya kilometa 200 za pori na milima ya Mitumba, yenye kupanda karibu mita 1,800. Barabara haikuwako. Ilifunguliwa kwa mashoka, na madaraja zaidi ya 150 yalijengwa kwa miti. Mashua zilikokotwa na matrakta mawili ya kutumia kuni na maji ya moto. Matrakta yaliposhindwa kupanda, walifunga ngombe. Ngombe waliposhindwa, watu walishika kamba.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Matrakta yalikunywa maji kupita ngombe, na mito ilikuwa mbali. Maji yale yaliletwa na wamama wa vijiji, juu ya kichwa, mutungi kwa mutungi.

Kutoka Sankisia walipata treni ndogo mpaka Bukama, wakashuka muto Lualaba wakikwama juu ya muchanga kila mara, wakafika Kabalo. Kisha treni tena mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Ilikuwa mwisho wa oktoba.

Dakika kumi na moja

Mashua zilishushwa majini siku chache mbele ya Noeli. Tarehe 26 desemba 1915, siku ya mungu, Spicer-Simson alikuwa anaongoza maombi wakati Kingani ilionekana. Alimaliza maombi kwanza, kisha akatoa amri. Muzinga wa Kingani ulikuwa unapiga mbele tu, basi Mimi na Toutou zilikimbia kuipiga kwa upande. Vita ilidumu dakika 11. Komanda Mujermani alikufa, meli ikakamatwa, ikatengenezwa na kuitwa Fifi.

Tarehe 9 februari 1916, Hedwig von Wissmann nayo ilizamishwa. Kesho yake Graf von Götzen ilipita, kubwa na wazi. Wote walingojea amri. Spicer-Simson alikataa kutoka. Baadaye, kule Kasanga, hakushambulia ngome ya Wajermani kwa kuogopa mizinga yake, na Wajermani wakakimbia usiku. Kumbe mizinga ile ilikuwa miti. Alirudishwa Uingereza akiwa mugonjwa. Alikufa Canada mwaka 1947.

Götzen ilizamishwa na Wajermani wenyewe mwezi wa julai 1916 karibu na Kigoma, wakati askari wa Force Publique walikuwa wanakaribia. Lakini mafundi walipaka mashini mafuta mengi ili zisioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na toka 1927 ikatembea na jina la Liemba. Ni meli ileile iliyosafirisha wakimbizi wetu kati ya Kigoma na Uvira mwaka 1997, na Warundi mwaka 2015. Wako wasomaji wa ukurasa huu waliolala juu ya sakafu yake.

Nani alibeba?

Vitabu vya wazungu vimeandika sketi ya Spicer-Simson, sigara zake na machora yake. Wenzake waliandika hata kama watu wa Lukuga walimuabudu na kutengeneza sanamu zake za udongo. Lakini ni wao walioandika. Watu wa Lukuga hawakuulizwa walikuwa wanamuheshimu, ao walikuwa wanamucheka.

Majina ya wazungu wasiofika 30 tunayo. Wale waliokata miti, waliojenga madaraja, wale wamama wa maji, majina yao hayako. Wengine hawakuchagua kazi ile: wakati wa Wabeleji, chifu alipoagizwa kuleta watu, watu walienda. Bila wao, Mimi na Toutou zingebaki Fungurume zikioza.

Kama unaishi upande wa Fungurume, Sankisia, Bukama, Kabalo ao Kalemie, na babu ao nyanya alikuhadisia juu ya mashua iliyopanda mulima, andika mbele ya kusahau, ao uje kutusimulia ku redio. Wazungu wa safari ile walishasema yao. Sisi tungali tunangojea upande wa waliobeba.