Fahamu: Parokia ya Wakimbizi wa Poland Kule Tengeru

Nje kidogo ya mji wa Arusha, Tanzania, ndiko Tengeru, walikoishi Wapolandi wapatao 5,000 kuanzia mwaka 1942. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu mwaka 1940 na 1941. Walipoachiliwa walipitia Iran, kisha wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli.

Kambini walijenga shule, hospitali na kanisa Katoliki, moyo wa maisha yao: humo walibatizwa, wakafunga ndoa, wakaombea wafu. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao, karibu 150, yangali yanatunzwa. Kanisa la wakimbizi wenzao wa Poland huko Nyabyeya, karibu na Masindi, Uganda, bado linatumiwa na wenyeji kwa sala.