Lahaja za Mashine: Tatizo la Upatanifu wa Msimbo wa Asembli na Namna ya Kulitatua

Utangulizi

Aghalabu lahaja huchukuliwa kuwa suala la binadamu peke yake. Mmvita akisema “ndia” na Muunguja akasema “njia”, msikilizaji hutabasamu na mazungumzo yakaendelea. Hali si hiyo katika ulimwengu wa tarakilishi. Humo pia mna lahaja, ila msikilizaji wake hana tabasamu wala busara ya kukisia. Mara nyingi hukataa katakata alichoambiwa. Mara nyingine hukitekeleza kinyume, tena kimyakimya. Makala haya yanalenga kufafanua jinsi msimbo wa asembli unavyotofautiana baina ya kompaila na kompaila, hatari ya tofauti hizo, na mbinu zinazotumiwa kuzisuluhisha. Itabainika kuwa mbinu hizo ni zile zile za usanifishaji na tafsiri ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo katika masomo yake.

Asembli ni Nini?

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, haielewi chochote ila nambari. Kwa kuwa ni vigumu binadamu kuandika nambari tupu bila kukosea, ilibuniwa lugha ya asembli, ambamo kila amri ya prosesa hupewa jina fupi: “mov” kwa kuhamisha, “add” kwa kujumlisha, “sub” kwa kutoa. Programu inayogeuza majina hayo kuwa nambari huitwa asembla. Kompaila nayo hupokea lugha ya juu zaidi, mathalani C, na kuishusha hadi kiwango cha mashine.

Ni kweli kuwa siku hizi programu nyingi huandikwa kwa lugha za juu. Hata hivyo, asembli haijafa. Mifumo ya uendeshaji, maktaba za usimbaji fiche na programu za video zingali na sehemu zilizoandikwa kwa mkono, ama ili ziende kasi, ama ili zifikie viungo vya mashine ambavyo lugha za juu hazivifikii. Jambo la kuzingatia ni kwamba prosesa ni ile ile na nambari zake ni zile zile. Kinachobadilika ni majina na sarufi ya kuzitajia, na hivyo huamuliwa na asembla.

Tofauti za Kisintaksia

Chukua mfano wa prosesa za jamii ya x86, ambazo asili yake ni Intel 8086 ya mwaka 1978. Lugha yake ya asembli ina lahaja kuu mbili. Ya kwanza ni ya Intel, inayofuatwa kwa kiasi kikubwa na asembla ya MASM ya kampuni ya Microsoft na ile ya NASM iliyotolewa mwaka 1996. Ya pili ni ya AT&T, iliyotokana na jadi ya Unix na kurithiwa na asembla ya GNU, ambayo hufanya kazi bega kwa bega na kompaila ya GCC.

Ili kuweka nambari 5 katika rejista iitwayo eax, yaani kijaluba kidogo cha kuhifadhia nambari ndani ya prosesa, lahaja ya Intel husema “mov eax, 5”. Lahaja ya AT&T husema “movl $5, %eax”. Tofauti ni tatu. Kwanza, AT&T hutambulisha rejista kwa alama ya % na nambari kwa alama ya $. Pili, huongeza kiambishi tamati, hapa “l”, kuonyesha ukubwa wa kinachohamishwa. Tatu, na hii ndiyo nzito, mpangilio wa yambwa umegeuzwa: Intel hutaja kwanza mahali pa kupelekea, AT&T hutaja kwanza kinachopelekwa.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema “maziwa yamimine kikombeni” au “kikombeni mimina maziwa”, na asieleweke vibaya, kwa kuwa kiambishi cha mahali “-ni” kinalinda maana popote neno liendapo. Asembli haina kiambishi cha namna hiyo. Nafasi ya neno ndiyo maana yake yote. Anayehamisha msimbo kutoka lahaja moja hadi nyingine akasahau kugeuza mpangilio, basi amemimina kikombe ndani ya maziwa.

Kosa Lililogeuka Sheria

Historia nayo ina mkono katika mgogoro huu. Asembla ya kale ya AT&T ilikuwa na kosa katika amri kadhaa za nambari za desimali. Amri ya “fsub”, inapopewa rejista mbili na matokeo yakawa hayaendi katika rejista ya kwanza ya rundo, ilifanya utoaji kinyume: badala ya 10 kutoa 3, ikatoa 10 kutoka kwa 3. Jibu likawa hasi 7 pahali pa 7. Kosa hilo halikurekebishwa, kwani msimbo mwingi ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa kulitegemea. Asembla ya GNU ililirithi kwa makusudi ili isivunje kazi za watangulizi, na mwongozo wake unakiri hivyo.

Wanaisimu hawatashangaa. Lugha ngapi zimekubali kuwa sanifu umbo ambalo hapo awali lilihesabiwa kuwa kosa? Tofauti ni kwamba katika lugha za binadamu jamii nzima hulikubali kosa kwa pamoja, ilhali hapa lahaja moja imelikubali na jirani yake imelikataa, na neno lenyewe linaandikwa vile vile.

Mgogoro wa Viambishi

Mfano wa kimofolojia unapatikana katika prosesa za ARM, zinazotumika katika simu nyingi za mkononi. Amri ya kupakia data ni “ldr”. Hiyo ni mzizi. Huweza kuongezewa “b”, kuonyesha kuwa kinachopakiwa ni baiti moja, na “eq”, kuonyesha kuwa amri itekelezwe tu iwapo ulinganishi uliotangulia ulitoa usawa. Je, kipi kitangulie? Sarufi ya kale ilisema “ldreqb”. Sarufi mpya, iliyoletwa na kampuni ya ARM yenyewe katika miaka ya 2000 ili kuunganisha maandishi ya aina zake mbili za amri, ikasema “ldrbeq”.

Mswahili husema “anayesoma” au “asomaye”. Kirejeshi kimehama, maana imebaki. Asembla ya GNU huikubali sarufi mpya ikitangaziwa kwa agizo la “.syntax unified”, na bila agizo hilo hufuata ya kale. Asembla iliyomo ndani ya kompaila ya Clang, ya mradi wa LLVM, inaijua sarufi mpya pekee. Kwa sababu hiyo, sehemu za kiini cha Linux zilizoandikwa kwa mtindo wa kale zilikataliwa na Clang, japo GCC ilikuwa imezikubali miaka na mikaka.

Adabu za Wito

Hata sarufi ikisawazishwa, kazi haijaisha. Sehemu moja ya programu inapoita nyingine, lazima pawe na makubaliano kuhusu mahali pa kuweka vitu vinavyokabidhiwa. Katika prosesa za biti 64 za x86, mfumo wa Linux huweka nambari nzima ya kwanza katika rejista ya rdi. Windows huiweka katika rcx. Msimbo uliotafsiriwa neno kwa neno, bila kosa la sarufi hata moja, utapokelewa na asembla bila lalamiko, kisha utaifungua rdi na kukuta takataka. Huyo ni mfasiri aliyehamisha maneno akaacha utamaduni. Kosa la sarufi hupiga kelele na kusahihishwa siku hiyo hiyo. Kosa la adabu hunyamaza, na katika maktaba ya usimbaji fiche huweza kuhatarisha siri za watu wasiojua kuwa asembli ipo.

Mbinu za Usuluhishi

Mbinu nne zinajitokeza. Ya kwanza ni kutangaza lahaja. Asembla ya GNU ikipewa agizo la “.intel_syntax noprefix” husoma sarufi ya Intel bila alama za %. Ya pili ni upatanishi. Mradi wa OpenSSL hauandiki asembli yake moja kwa moja. Huandika programu za lugha ya Perl ambazo huzalisha asembli kwa lahaja inayotakiwa na kila asembla. Mradi wa video wa FFmpeg nao hutumia faili ya x86inc.asm, ambamo vitu vinavyokabidhiwa huitwa r0, r1 na kuendelea, na majina hayo hugeuzwa kuwa rejista halisi kulingana na mfumo.

Ya tatu ni usanifishaji. Mwaka 2019 faili za ARM za kiini cha Linux ziliandikwa upya kwa sarufi mpya, ambayo asembla zote mbili zinaielewa. Ya nne ni kuepuka: Visual C++ ya Microsoft haikubali asembli iliyopachikwa ndani ya C kwa prosesa za biti 64 za x86, hivyo mwandishi hutumia amri maalumu zinazofanana na za C, na kompaila ikajichagulia maneno.

Hitimisho

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita kilibaki nje licha ya utajiri wa tungo zake. Usanifishaji hurahisisha mawasiliano, lakini una mshindi na mshindwa. Upatanishi huhifadhi pande zote mbili, lakini humhitaji mkalimani asiyelala. Wahandisi wa mashine wameziacha mbinu zote ziishi pamoja, kila moja pahali pake.

Wana, hata hivyo, neema moja ambayo mfasiri wa fasihi hana. Baada ya kuandika upya msimbo, huziweka nambari zilizozalishwa kabla na baada ubavuni mwa nyingine wakalinganisha. Zikifanana, tafsiri ni aminifu pasi na shaka. Zisipofanana, si lazima pawe na kosa, maana baadhi ya amri zina visawe, nambari mbili tofauti zenye kazi moja. Hapo ndipo binadamu hulazimika kuketi na kusoma. Naam, hata kwa mashine, visawe bado vinamhitaji msomaji.