Moshi Mwingi, Jiko Halina Hatia

Keroka hainyimwi mvua. Mji huu ulio kwenye barabara ya Kisii kuelekea Sotik, upande mmoja kaunti ya Kisii na upande wa pili Nyamira, hunyeshewa karibu kila mwezi. Mvua hiyo inayostawisha majani chai na migomba ndiyo pia inayomliza mpishi. Kuni zikikatwa leo na kuchomwa kesho, jikoni hapakaliki, na lawama zote hulishukia jiko.

Jiko husingiziwa mengi. Mkaratusi ukiangushwa, karibu nusu ya uzito wake huwa maji. Anayenunua mzigo wa kilo 10 wa kuni mbichi amelipia kilo 5 za maji. Mzigo huo ukikauka hadi unyevu wa asilimia 20, kiwango kinachofaa kwa kupikia, utabaki kilo 6 na robo hivi. Wengi hudhani hasara yenyewe ni joto linalotumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama sehemu moja kwa saba tu ya joto lililomo ndani ya kuni.

Hasara kubwa iko kwingine. Kuni ikipata moto hutoa gesi, na gesi hizo, ambazo hufikia takriban asilimia 80 ya uzito wa kuni kavu, ndizo zinazowaka na kuonekana kama ndimi za moto. Ili ziungue zote, zinahitaji joto la nyuzi 600 au zaidi. Mvuke ukiupoza moto chini ya hapo, gesi hupaa bila kuungua. Moshi, basi, ni kuni zilizolipiwa ambazo hazikupika chochote. Njia yake ya kutokea ni macho na mapafu ya watu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya hupikia kuni.

Ndiyo maana mwenye fedha chache angefanya vyema kujenga kibanda cha kuni kabla ya kununua jiko jipya. Mabati mawili matatu juu, pande zote wazi upepo upite, na chini magogo ya kuinulia kuni zisiguse udongo. Mkaratusi uchanjwe ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka shoka hudunda. Vipande viwe vifupi, kwani maji hutoka kwa haraka zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni. Kuni zilizopangwa kabla ya Desemba hufaidi miezi ya mvua haba hadi Februari. Uchaga wa juu ya jiko, ule wa majiko ya kizamani, ungali na kazi yake kwa kuni za kesho na keshokutwa, mradi uwe juu vya kutosha cheche zisiufikie.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Vibichi hutoa mshindo mzito. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha na gamba lake hubanduka. Inayotoa povu na kufoka motoni haijaiva.

Na mti gani? Muwati una moto mkali na makaa ya kudumu, unafaa maharagwe. Mkaratusi hukaribia hapo ukikaushwa vizuri. Msaiprasi huwaka haraka na kurusha cheche, basi uwe wa kuwashia, pamoja na magunzi ya mahindi. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visiingie jikoni kabisa: dawa inayotumika sana kuhifadhi nguzo ina aseniki, na sumu hiyo hubaki katika majivu, yale yale ambayo watu huyatupa kwenye sukuma wiki.

Kwenye uendeshaji wenyewe, kosa kubwa ni kulishindilia jiko. Jiko la udongo wa kuchomwa linalojengewa ukuta wa matope, ambalo Wakenya wamelijua tangu miaka ya 1980 kwa majina kama Maendeleo na Upesi, lina mlango mdogo kwa makusudi. Linataka vipande viwili vitatu vya unene wa kifundo cha mkono, vikisukumwa ndani kidogo kidogo ili ncha tu ndizo ziungue, huku hewa ikipita chini yake. Majivu yakijaa, njia hiyo huziba. Anayejenga ukuta mnene sana akidhani unatunza joto ajue kuwa ukuta hula joto kwanza. Wafini hujengea majiko yao ya kupashia nyumba joto mawe laini ya jamii ya yale yanayochongwa vinyago huko Tabaka, Kisii, kwa kuwa hunyonya joto na kulitoa polepole usiku kucha. Kwa chai ya asubuhi, sifa hiyo ni hasara tupu.

Mapishi yakiisha, kuni zichomolewe na ncha zizikwe majivuni. Maji yasimwagwe ndani, kwani udongo ulioshika moto hupasuka. Ufa mdogo huzibwa kwa matope yaliyochanganywa na majivu. Ukishafika mlangoni, kipande cha ndani hubadilishwa na ukuta wa nje huachwa ulivyo.